Ndoa moja, kompyuta moja, programu mbili

Kwenye kurasa hizi tumeshasoma mengi yanayogombanisha wanandoa: mawifi, simu za usiku wa manane, hela ya saluni, mpira wa Ulaya. La kwetu sijaliona likiandikwa. Mimi na mume wangu tumegombana miaka minane kuhusu programu ya kuediti video. Usicheke kwanza, soma.

Tunaishi Mlowo, wilaya ya Mbozi. Kama umewahi kupanda basi la Tunduma basi umetupita, labda ulikuwa umesinzia. Studio yetu iko pembeni ya barabara kuu, malori ya Zambia na Kongo yanapita usiku kucha, mpaka kikombe cha chai kinatetemeka mezani. Tulipofungua mwaka 2014 tulikuwa bado mkoa wa Mbeya, mkoa wa Songwe ukaja 2016. Kazi yetu ni harusi, sendofu, kicheni pati, ubatizo, kipaimara, na misiba pia, maana siku hizi watu wanataka na msiba urekodiwe. Msimu ni kuanzia mwezi wa sita, mahindi yakishavunwa na kahawa ikianza kuleta pesa, mpaka Desemba. Januari mpaka Aprili ni mvua na ukimya. Naomba uukumbuke huo ukimya, utatuhusu mbele.

Tulikutana 2012 kwenye harusi moja Vwawa. Mimi nililetwa na upande wa bibi harusi, yeye na upande wa bwana harusi, kamati mbili hazikuwasiliana, tukajikuta wapiga video wawili tunakanyagana mbele ya keki. Nikamwambia, "Kaka, naomba usogee kushoto." Akanijibu bila kunitazama, "Dada, kushoto kuna spika." Ndiyo mapenzi yalipoanzia hapo, msiniulize kwa nini.

Yeye alijifunzia kazi Mbeya mjini, Mwanjelwa, kwa fundi mmoja wa harusi ambaye alikuwa hataki kusikia programu nyingine zaidi ya Edius. Mimi nilisoma kozi ya mwaka mmoja Dar, na tulifundishwa Premiere Pro. Sasa jamani, mtu na programu aliyoanza nayo ni kama mtu na jiko la mama yake, vidole vinajua vyenyewe chumvi iko wapi. Kwenye Edius ukibonyeza C, klipu inakatika palepale. Kwenye Premiere ukibonyeza C unapewa wembe tu, kukata ukate mwenyewe. Kitu kidogo, si ndiyo? Kaa nacho kwenye kompyuta moja miaka minane uone.

Kwa msio wa fani hii, niwape picha kwa ufupi. Umbea wake ni mtamu kama wa mtaani. Premiere ilitoka mwaka 1991 kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, na aliyeitengeneza mwanzoni ni Mmarekani anayeitwa Randy Ubillos. Baadaye jamaa akahamia kampuni ya Macromedia kutengeneza nyingine. Kabla haijaingia sokoni Apple wakainunua, mwaka 1998, na mwaka uliofuata ikatoka kwa jina la Final Cut Pro. Kwa hiyo hizo mbili, ambazo mashabiki wake wanarushiana maneno kama Simba na Yanga, ni watoto wa baba mmoja na mama tofauti. Edius yenyewe asili yake ni Japani, kampuni ya Canopus ya Kobe iliitoa 2003, na baadaye ikaingia mikononi mwa Grass Valley.

Mume wangu hakuwa mjinga kuipenda Edius. Mzee wa Mbozi akilipia video ya harusi ya mwanawe hataki dakika tatu za kupeperusha shela. Anataka saa tatu. Anataka aone msafara wote wa magari, matarumbeta, kila shangazi aliyecheza, kila bahasha ilivyopita mezani na nani aliibeba, maana mwaka kesho kuna harusi ya mwingine na hesabu za michango zinatoka kwenye ile video. Edius kwa kazi ndefu ni mnyama. Unaingiza kamera tatu za aina tatu tofauti, faili za kila namna, inazicheza hivyohivyo bila kuzibadilisha kwanza, na haidai kadi ya grafiki ya bei mbaya. Halafu leseni unanunua mara moja, ni yako.

Na mimi sikuwa mjinga kwa Premiere. Watoto wa siku hizi wanataka zile dakika tatu, za kuweka kwenye status, maandishi yanaelea, muziki unadunda, bibi harusi anageuka taratibu pale kwenye kimondo. Premiere inashikana mkono na After Effects na Photoshop, na ukikwama kuna mtu kashaweka somo YouTube, mara nyingine kwa Kiswahili. Tatizo ni malipo. Tangu mwaka 2013 Adobe walitangaza kwamba matoleo mapya yatakuwa ya kulipia kila mwezi tu, na Premiere peke yake ni zaidi ya dola 20 kwa mwezi kwa mkataba wa mwaka. Kwa aliyeko New York sawa. Kwa mimi wa Mlowo, Februari, mvua inanyesha, sina hata ubatizo, kadi ya benki inakatwa vilevile kama Agosti. Na ukiacha kulipa, picha ulizopiga zinabaki zako, ila ile kazi uliyoipanga ndani ya programu huifungui tena mpaka ulipe. Baba watoto alikuwa anapenda kusema, "Wewe umepanga nyumba, mimi nimejenga." Aliniudhi sana kwa sababu alikuwa sahihi.

Mtaniuliza, si mngetumia kraki kama wengine? Flashi ya elfu ishirini, kila kitu ndani. Vijana wengi wanafanya hivyo na siwatukani. Ila mwenzetu mmoja wa kazi, jina nalihifadhi, mwaka 2019 aliingiza flashi ya namna hiyo asubuhi, mchana mafaili yote yakawa yamefungwa na kirusi kinachodai fedha za nje. Harusi kumi na moja. Alihama mji kwa wiki mbili akiogopa wateja. Tangu hapo sisi tukasema hapana, na hilo ni jambo moja ambalo hatujawahi kubishana.

Basi tukaishi hivyo. Mchana kompyuta ni ya Edius, usiku watoto wakilala ni ya Premiere. Wateja wakija wanamkuta mwanamke mezani, kipanya mkononi, wananiuliza, "Fundi yupo?" Namwita. Anatoka nyuma, wanazungumza naye kuhusu kazi niliyoifanya mimi. Hata kibao cha mlangoni kilikuwa na jina lake peke yake. Nilikuwa nameza. Kila mmoja na kazi zake, mafaili yake, siri zake. Kazi iliyoanzwa kwenye Premiere huwezi kuifungua kwenye Edius hivihivi. Kuna njia za kuhamisha mpangilio wa klipu kutoka programu moja kwenda nyingine, lakini maandishi, rangi na usafi wa sauti vingi vinabaki njiani, kama kuhama nyumba ukabeba vitanda ukaacha magodoro.

Juni 2022 nilijifungua mtoto wetu wa tatu kwa upasuaji, nikakaa hospitali siku tisa. Nilikuwa nimeacha kazi tatu katikati. Mojawapo ilikuwa sendofu ya binti mmoja wa hapa jirani. Baba yake alitoa nasaha ndefu siku ile, dakika kumi na nne, mzee wa Moravian anayejua kuongea, ila jenereta la ukumbi lilikuwa limewekwa nyuma yake kabisa. Nilikuwa nimeshinda siku mbili nikiisafisha ile sauti, kipande kwa kipande.

Siku ya sita nikiwa wodini, yule mzee akaanguka shambani, akafariki.

Familia ikaja studio. Hawakutaka video nzima, walitaka yale maneno tu, wayacheze usiku wa mkesha kwa ajili ya wajukuu waliokuwa njiani kutoka Dar. Mume wangu akakaa kwenye kompyuta, akafungua kazi yangu, na hakujua aanzie wapi. Kunipigia alinipigia, mimi nina dripu mkononi, namwelekeza, "Bonyeza pale juu kulia," yeye anasema hapaoni. Tukajaribu nusu saa. Mwishowe akachukua klipu mbichi kutoka kwenye kamera, akapeleka hivyohivyo. Walioketi mbele walisikia kiasi. Wa nyuma walisikia jenereta.

Hakuna aliyelalamika. Yule binti hata alikuja kunipongeza kwa mtoto, na kanga akaniletea. Lakini mume wangu aliponifuata hospitali siku ya kutoka, njia nzima alikuwa kimya, mpaka tulipokaribia nyumbani ndipo akasema, "Mama watoto, hii habari ya programu mbili iishe."

Nikasema iishe. Swali likawa, inayobaki ni ya nani?

Hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipoanza, ule wa awali ulikuwa utani. Yeye akasema studio ni jina lake, wateja wa saa tatu ndio wanaolipa ada za watoto, kwa hiyo Edius. Mimi nikasema wateja wa saa tatu wanazeeka, na kwamba kama nikihamia kwake nitakuwa msaidizi wa mume wangu, siyo fundi. Nilisema kwa sauti. Mtoto akaamka. Shemeji yangu wa Dar, mwenye MacBook yake, akaingilia kwa simu: tuuze kila kitu tununue Mac na Final Cut, dola 299.99 unalipa mara moja basi, na hata Parasite, ile filamu ya Kikorea iliyobeba Oscar ya filamu bora 2020, ilieditiwa kwa Final Cut. Kweli kabisa. Ila nilipofuatilia nikakuta ilikuwa Final Cut Pro 7, toleo ambalo Apple waliliacha mwaka 2011. Mume wangu alicheka mpaka akashika mbavu: "Umesikia! Cha kale dhahabu!" Na Mac haikuwa ndani ya uwezo wetu hata tungeuza na meza.

Aliyetutoa pale ni mama mkwe. Ana mashamba ya kahawa kule kwao, na msimu ule alikuwa ameahidi kutuongezea milioni moja na laki mbili ya kuboresha kompyuta. Akaja, akasikiliza pande zote mbili akiwa anamenya karanga, hakuelewa hata neno moja la Edius wala Premiere. Akauliza tu, "Mwanangu, humu ndani mnaongea lugha gani?" Nikamjibu, Kiswahili, mama. Mimi ni Mpare wa Same, mwanawe ni Mnyiha. Akasema, "Mbona hukumlazimisha Kipare?" Akaendelea na karanga zake.

Ndipo tukaanza kutazama DaVinci Resolve. Tulikuwa tunaisikia tu. Historia yake ni kinyume cha zile nyingine: ilianza kama mitambo ya kurekebisha rangi za filamu, bei yake ikihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Mwaka 2009 kampuni ya Australia, Blackmagic Design, wakainunua kampuni ya da Vinci. Mwaka 2010 wakaitoa kama programu kwa dola 995, na 2011 wakatoa toleo la bure. Bure, siyo kraki. Taratibu wakaongeza kuediti kwenyewe, sauti, na maandishi ya kuchezacheza. Toleo la bure linakutolea video mpaka Ultra HD, halina nembo yao juu ya sura ya bibi harusi. Vinavyokosekana viko: kuondoa zile chengachenga za picha iliyopigwa gizani, kwa mfano, lazima ununue Studio, dola 295, mara moja.

Oktoba ile tukafanya jaribio. Harusi moja ya Tunduma, kamera tatu, yeye Edius, mimi Premiere, halafu wote wawili tukajaribu Resolve kama watoto wa chekechea. Niwe mkweli na matokeo. Kwa ile filamu ndefu Edius ilitushinda sote, alimaliza siku mbili. Kwa ile fupi mimi nilimpita mbali, na yeye alikiri, kwa shida. Resolve ilitutesa wiki nzima. Kompyuta yetu ilikuwa na kadi ya grafiki ya GB 2, na Resolve kazi nyingi inaipa hiyo kadi, basi feni ikawa inalia kama pancha ya lori. Ikabidi tutengeneze proksi, yaani nakala nyepesi za klipu za kufanyia kazi, zile nzito zinarudi mwishoni wakati wa kutoa faili.

Lakini tulipofika kwenye rangi, wote tulinyamaza. Wapiga harusi wenzangu mnaijua shida yetu: ukumbi umewekwa taa za zambarau, gauni jeupe, ngozi yetu nyeusi. Ukiokoa gauni, sura inapotea. Ukiokoa sura, gauni linaungua. Kwenye Resolve nilizungushia uso wa bibi harusi duara, nikaiambia imfuate anapocheza, nikarekebisha uso peke yake. Akatoka na rangi yake aliyozaliwa nayo. Mume wangu akavuta kiti karibu. Akauliza, "Hapo umebonyeza wapi?" Miaka kumi nimemjua yule mwanamume, hakuwahi kuniuliza hilo swali.

Zile za mama mkwe zikanunua kadi ya GB 8 iliyotumika, kutoka kwa fundi wa Mbeya, na UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi hakuna programu itakayokuokoa. Nikasitisha Premiere mkataba ulipoisha. Kujifunza kulituchukua msimu mzima wa mvua, na kwa mara ya kwanza ule ukimya wa Februari ulikuwa na faida. Tukakubaliana majina ya mafolda, rangi za alama, hata vitufe. Resolve inakuruhusu kuchagua vitufe vya programu uliyoizoea, vya Premiere vimo, vya Final Cut vimo. Yeye alikataa vyangu, mimi nikakataa kumtengenezea vyake, tukaanza na vya wenyewe.

Msidhani mambo yalikwisha hapo. Mwezi wa nane mwaka jana niliamka saa nane usiku kitanda kiko kitupu. Nikanyata mpaka studio, nachungulia, namkuta baba watoto amevaa koti la baridi, mwanga wa kompyuta usoni, yuko na Edius. Nilimfumania, hakuna neno jingine. Akasema harusi ni ya saa nne na nusu, mteja anataka Jumatatu, na "huku mkono unakwenda wenyewe." Nikamwachia. Kwa kazi ndefu kupita kiasi bado nadhani ana hoja, na mchepuko wa aina hiyo naweza kuishi nao ilimradi mafaili ya mwisho yawe kwenye folda ya pamoja.

Vijana wa CapCut nao wametubana. Bibi harusi hajafika hata chumbani, klipu yake tayari iko WhatsApp, imeeditiwa kwa simu kwenye bodaboda. Nawaheshimu, wana jicho. Mmoja nimemchukua afanye kazi na sisi Jumamosi.

Wateja wakija sasa wakiuliza fundi, mume wangu anawaambia, "Mkitaka urefu niulizeni mimi, rangi na sauti muulizeni mama watoto, ndiye mwenyewe." Kibao cha mlangoni kimepakwa upya, majina yote mawili. Na ile sauti ya mzee niliimalizia nilipopata nguvu, nikampelekea binti yake kwenye flashi siku ya arobaini. Alinisimulia kwamba wajukuu wanaifungua kila Jumapili.

Mwaka huu tunanunua Studio, hatimaye, kwa ajili ya zile kazi za gizani. Leseni moja inakubali kompyuta mbili, kwa hiyo na kompyuta ya pili itakuja, mezani pake. Tumeshaanza kubishana nani anakaa upande wa dirisha. Yeye anataka kwa sababu ya hewa. Mimi nataka niwe namwona mteja kabla hajaingia.